Kupanga ua wa nyumba ya pwani: maji kwanza, kisha kivuli

Watu wengi wanaomaliza kujenga Dar es Salaam na miji mingine ya pwani huanza kupendezesha ua kwa kwenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, wakachagua maua yaliyochanua siku hiyo, ndipo wakatafuta mahali pa kuyapanda. Utaratibu huo umekaa kichwa chini. Mche hununuliwa mwisho. Kinachotangulia ni kujua maji yanapita wapi, jua linapiga wapi, na wakaao katika nyumba hiyo wanautumiaje ua wao. Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 25 chenye nyumba ya mita 10 kwa 12.

Anza kwa ramani. Unahitaji futi kamba, daftari la hesabu lenye visanduku na mtu wa kushika ncha ya pili. Kila kisanduku kihesabiwe kuwa mita moja. Chora mipaka, kuta, milango, madirisha na geti, kisha uchore visivyoonekana: shimo la maji taka, bomba linalotoka kwenye mita ya maji, na waya wowote wa umeme uliofukiwa. Usipokumbuka bomba limepita wapi, muulize fundi aliyelilaza kabla hajabadilisha namba ya simu. Mimi niliwahi kuchimba shimo la mlimao juu ya bomba la nyumba yangu mwenyewe, na mlimao huo sasa uko mita tatu kutoka pale nilipoutaka.

Ramani ikiwa tayari, subiri mvua. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo kusubiri huku si kwa muda mrefu. Siku ya mvua kubwa toka nje na mwavuli utazame maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi, kisha uyaonyeshe kwa mishale kwenye ramani. Dakika hizo ishirini zina faida kuliko picha zote za bustani utakazoonyeshwa, kwa sababu ua ulioharibika pwani mara nyingi umeharibiwa na maji. Piga pia hesabu ya paa: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 120 hupokea lita 2,400 kwa mvua ya milimita 20. Ukiweka gata na simtanki, sehemu kubwa ya maji hayo itamwagilia bustani. Usipoweka, yataanguka kando ya msingi na kuchimba mfereji yenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotandaza pevingi, yaani matofali ya sakafu ya nje, kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kweli ni rahisi kufagia, lakini ardhi iliyofunikwa yote hainywi maji, na saa nane mchana hurudisha joto madirishani. Ziwekwe pale gari na miguu inapopita, zikiwa na mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Pale palipo bondeni, paache pawe kitalu cha migomba, ambayo hupenda unyevu. Vyombo vyenye maji yaliyotuama, kama sahani za vyungu na matairi ya zamani, visiwe na nafasi kwenye mpango wako; Dar es Salaam iliugua homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika maji madogo ya namna hiyo.

Kuhusu kivuli, upande wa magharibi ndio unaokaangwa kila alasiri mwaka mzima, na huko ndiko mti mkubwa wa kwanza unakostahili kuwekwa, mita 5 au 6 kutoka ukutani. Mwarobaini hukua haraka na huvumilia ukame. Mwembe wa kienyeji ni mti mzuri, ila mwavuli wake huweza kupita mita 10, kwa hiyo katika kiwanja hiki utatosha mmoja, au uchague wa kubebesha (uliounganishwa na shina la mwembe mwingine), ambao ni mfupi na rahisi kupogoa. Mnazi usiwe juu ya maegesho wala baraza. Miti yenye mizizi mikubwa, hasa mkuyu na jamii yake, ikae mbali kabisa na shimo la maji taka. Juu ya shimo hilo panatosha majani mafupi. Upande wa kaskazini mashariki usizibwe kwa uzio mzito, kwa kuwa upepo wa kaskazi huvuma kutoka huko katika miezi ya Desemba hadi Machi, ambayo ndiyo yenye joto kali.

Kisha gawanya ua kwa matumizi. Nyuma, karibu na jiko, pawe na jua la kuanikia nguo na kivuli cha kukalia wakati wa kukuna nazi. Mchaichai, mpilipili na mrihani vikae hatua chache kutoka mlangoni, vinginevyo havitatumika. Mbele, acha sehemu tupu ya mita 6 kwa 6 hivi, maana siku ya harusi au msiba turubai litahitaji mahali, na bustani isiyokumbuka hilo hukanyagwa yote. Asmini ipandwe kando ya baraza au dirisha la chumba cha kulala, kwani harufu yake huzidi usiku. Mnyaa usiutumie kwa uzio kama kuna watoto, kwa sababu utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Ukoka hutaka jua; chini ya miti jaribu nyasi za Pemba. Kama kisima chako kina maji ya chumvi, mkungu na bogenvilia zitavumilia zaidi kuliko waridi.

Kabla ya kuchimba, hamishia ramani ardhini kwa vigingi, kamba na chokaa, na mipindo uichore kwa kulaza mpira wa maji. Iache hivyo wiki nzima, mkipita na kuegesha gari kama kawaida, na mtaona wenyewe mahali mnapoukanyaga mstari. Kazi za mifereji na mabomba zitangulie, zifuate pevingi, kisha miti, na maua yawe ya mwisho. Mashimo ya miti, sentimita 60 kila upande, yachimbwe mapema na kujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, ili mvua za kwanza za masika zikifika miche iingie siku hiyohiyo.