Jinsi ya kwenda Hamvention usirudi na kimeo

Kila mwezi wa tano, Ijumaa mpaka Jumapili, wapenzi wa redio za ridhaa, yaani sisi tunaorushiana mawimbi kwa raha tu bila biashara, tunajaa Xenia, kamji kadogo karibu na Dayton, Ohio. Shughuli inaitwa Hamvention, wanaiandaa klabu ya redio za ridhaa ya Dayton, DARA, tangu 1952, na 2024 watu walipita 35,000. Zamani ilikuwa ukumbi wa Hara Arena, toka 2017 iko viwanja vya maonyesho vya kaunti ya Greene. Kwenye mabanda utakuta watengenezaji akina Icom na Yaesu na redio mpya zinang'aa, pita tu ushikeshike, ila hela yako itunze kwa ajili ya gulio la mtumba huko nje, ndo kwenye mambo.

Tiketi chukua mapema mtandaoni. Hoteli za karibu zinajaa mno, ukikosa lala Columbus au Cincinnati, ni kama saa moja kwa gari. Beba keshi ya noti ndogondogo, multimita (kipima umeme), spika za masikio, betri ndogo ya volti 12 na buti, maana mvua ikinyesha hapo ni matope tu. Halafu kigari cha kuvuta jamani, usijifanye una misuli.

Ijumaa asubuhi ndo vitu vizuri vinatoka, wajanja wanaviwahi. Jumapili bei zinashuka kwa sababu muuzaji hataki kupakia tena mzigo kwenye gari, kwa hiyo kama unatafuta antena, kebo, mita na mazagazaga subiri Jumapili, kama unataka redio yenyewe wahi Ijumaa.

Sasa kwenye kukagua usione haya. Redio nyingi za HF, yaani za masafa mafupi yanayofika mbali, za siku hizi zinatumia volti 13.8 DC, betri yako ndogo itaiwasha na utasikiliza kama inapokea, zungusha kila kinobu, kikikwaruza jua kuna vumbi, hiyo sio kesi kubwa. Kesi ni kurusha. Redio ya wati 100 inavuta ampia 20 na ushee, betri yako haiwezi, kwa hiyo mwombe muuzaji airushe kwenye dami lodi, kile kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, muangalie mita pamoja. Akianza hadithi ooh jana ilikuwa inafanya kazi, mwambie basi bei iwe ya redio mbovu. Kebo ya antena omba umenye ncha kidogo, shaba ikiwa nyeusi maji yameshaingia, achana nayo hata akikupa bure. Redio za valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani, ni nzuri kwa macho lakini kapasita zake nyingi zimekauka, na transfoma mara nyingi ni ya volti 120, ukiichomeka Dar au Mombasa kwenye 240 unapata moshi. Hii ya 13.8 haina shida, pawasapulai utanunua nyumbani.

Kuna meza utakuta mjane au watoto wanauza vitu vya marehemu. Vifaa vya hapo mara nyingi vimetunzwa, na vitabu vyake vipo. Mimi pale sibani bei sana, na ukimsikiliza kidogo habari za mzee wake hupungukiwi kitu.

Vaa beji yenye kolsaini yako, yaani herufi na namba za leseni zinazokutambulisha hewani. Ukiwa na inayoanza na 5H (Tanzania) au 5Z (Kenya) jiandae kusimamishwa kila hatua, kuna watu wamekesha miaka wakitafuta kuongea na Tanzania au Kenya, watakuuliza kadi ya QSL, ile ya kuthibitisha mmewasiliana, unayo? Chapisha chache uende nazo. Huna leseni? Mitihani ya leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inafanyika hapohapo, hata asiye raia anaruhusiwa, maswali 35 ya ngazi ya kwanza, Technician, ukipata 26 umepita, ila jisajili FCC kwanza upate namba ya usajili, FRN, na uwe na anwani ya posta ya Marekani.

Kama redio unaipeleka nyumbani ulizia kibali kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kabla ya kukata tiketi ya ndege, sio ukishafika airport, na betri za akiba za lithiamu ziweke kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.