Namna ya Kusoma Kipimo cha Sukari ya Miezi Mitatu kwa Mwenye Upungufu wa Damu

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho kwenye cheti cha maabara huandikwa HbA1c, hakioneshi sukari iliyomo katika damu siku hiyo, bali huonesha ni sehemu gani ya himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, iliyokwisha kushikana na sukari. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kushikwa na sukari. Mwenye upungufu wa madini ya chuma hutengeneza chembe mpya kidogo, nyingi ya zilizomo mwilini mwake huwa kongwe, na kwa hivyo jawabu huweza kupanda ingawa sukari yenyewe haikupanda.

Kabla ya kukubali kuwa una kisukari kwa kipimo hicho pekee, omba upimwe na wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita, na mwanamme chini ya 13. Panapowezekana, ipimwe pia feritini, inayoonesha akiba ya chuma.

Ikiwa damu ni pungufu na HbA1c imefika asilimia 6.5, kiwango kinachotumika kutambulia kisukari, au imepita hapo kidogo tu, thibitisha kwa sukari ya kabla ya kula, ambayo kiwango chake cha kisukari huanzia milimoli 7.0 kwa lita. Kipimo hiki hutaka mtu akae angalau saa 8 bila ya kitu chochote isipokuwa maji. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili husahauliwa sana: aliyekula daku saa 10 alfajiri akafika maabara saa 3 asubuhi amekaa saa 5 tu, hata kama amefunga. HbA1c ya asilimia 9 au 10, kwa upande mwengine, isisingiziwe upungufu wa damu, kwani athari yake kwa kawaida ni ndogo.

Kisha kitafutwe chanzo cha upungufu, maana vidonge peke yake havizibi panapovuja. Kwa wanawake huwa mara nyingi ni hedhi nzito au mimba zilizofuatana. Kwa mwanamme mtu mzima daktari hana budi kuchunguza kama damu inapotea tumboni. Kisiwani Pemba, ambako maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi imeshughulika sana na utafiti wa minyoo, anayelima peku asiache kupimwa choo kwa ajili ya minyoo ya safura. Vidonge vya chuma visimezwe pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Maji ya ndimu husaidia, ila mwenye kisukari asiyatie sukari.

Matibabu yakianza, chembe mpya huingia kwa wingi na HbA1c huweza kushuka bila ya kisukari kupungua, kwa hivyo dawa za kisukari zisipunguzwe kwa sababu hiyo. Fuatilia kwa mashine ya kidole, na rudia kipimo kiasi cha miezi mitatu baada ya damu kurudi kawaida. Mwenye seli mundu, au aliyeongezewa damu karibuni, asitegemee HbA1c kabisa. Amuulize daktari kuhusu fruktosamini, ambayo hueleza hali ya sukari ya wiki 2 hadi 3 zilizopita.