Kompyuta ya mezani inayopata joto na kujizima: tafuta chanzo kabla ya kununua kifaa

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba tatizo ni joto kweli, kwa sababu pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) iliyochoka au RAM (kumbukumbu ya muda) mbovu huleta dalili hiyohiyo. Washa kompyuta ikiwa imepoa, ingia BIOS (programu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka), fungua ukurasa wa halijoto ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na uutazame kwa dakika 10. Ikiwa namba inapanda bila kutulia hadi kukaribia nyuzi 90 za Selsiasi, ilhali mashine haina kazi, basi joto halitolewi ipasavyo. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikifika nyuzi 95 hadi 100, na joto likizidi hapo umeme hukatwa ili zisiungue.

Hatua ya pili: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, kisha fungua kasha. Vumbi baya zaidi halionekani kwa juu, maana hujishindilia kati ya feni na mapezi ya hitisinki (kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa na kuondoa joto lake). Kwa hiyo fungua feni yenyewe. Unapopuliza kwa blowa, zuia mapanga kwa kidole, kwani yakizungushwa kupita kiasi beringi huharibika. Pawasaplai ipulizwe kwa nje tu. Usiifungue kamwe, kwa kuwa ndani yake umeme hatari hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya tatu: kagua ufungaji wa hitisinki. Zile zinazoshikwa kwa pini nne za plastiki zinastahili umakini mkubwa, kwa sababu pini moja ikiachia, hitisinki huinuka upande na prosesa huchemka hata kama feni inazunguka vizuri.

Hatua ya nne, ikiwa pesti ya joto (inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili kupitisha joto) imekauka, ni kuing'oa hitisinki kwa kuizungusha taratibu kulia na kushoto. Ukiivuta moja kwa moja, hasa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 ya kampuni ya AMD, prosesa inaweza kutoka nayo na pini zake zikapinda. Safisha pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, kisha kaza skrubu kwa mshazari.

Hatimaye ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa huku ukifuatilia halijoto. Ikibaki chini ya nyuzi 85 lakini mashine bado inajizima, jaribu pawasaplai nyingine iliyo nzima.