Hati ya kimila ya pamoja: anzeni porini, ofisini baadaye

Vijana wa vijiji vya wafugaji na warina asali huniuliza fomu ya hati ya kimila ya pamoja, yaani hati ya kundi kumiliki ardhi ya kijiji, inapatikana wapi. Fomu ni jambo la mwisho. Wahadzabe, jamii ya wawindaji na warina asali wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania, walipata hati yao ya pamoja mwaka 2011 kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inayoruhusu kundi zima kumiliki ardhi bila kukatiana vipande.

Kwanza tembeeni mpaka wa eneo lenu. Wazee waongoze, na akina mama wasiachwe nyumbani, maana wao ndio wanaojua mizizi ya kula inachimbwa wapi. Andikeni kila mbuyu, korongo na kisima. Jirani Mdatoga anayelisha ng'ombe hapo kiangazi naye aitwe, njia ya mifugo yake iandikwe. Mkimficha atapinga mkutanoni, na atakuwa na haki.

Ulizeni pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama havipo, anzieni hapo; mtahitaji afisa ardhi, mafuta ya gari na subira.

Jamii ndogo humezwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo, kwa hiyo waliopo ndio wanaoamua. Ombeni tarehe isiyogongana na mnada wala msimu wa asali. Kambi za mbali zipelekewe habari kwa mdomo, kwa sababu tangazo la ukutani halimfikii aliye porini. Mkalimani awepo, tena mmchague ninyi wenyewe. Muhtasari utaje mipaka, matumizi na kwamba hati ni ya kundi; mahudhurio yasainiwe, nakala mwondoke nayo siku hiyo hiyo. Hapo msione aibu kung'ang'ania.

Sasa jazeni fomu. Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kutoa uamuzi. Ombeni muda usio na kikomo, sheria inaruhusu. Hati husainiwa na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji na ninyi wenyewe, kisha afisa ardhi wa wilaya huipiga muhuri na kuisajili.

Mkikuta shamba jipya ndani ya eneo, pelekeni barua wiki hiyo hiyo kwa mtendaji na baraza la ardhi la kijiji (wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3), kabla mahindi hayajaota. Yakishaota, huruma yote huhamia kwa aliyelima. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.