Ratibida ya njano: kuitambua porini na kuiotesha bustanini

Ratibida pinnata ni ua la kudumu la jamii ya alizeti. Kwao ni nyanda za nyasi ndefu za katikati ya Amerika Kaskazini: Iowa, Illinois, Missouri, Wisconsin, hadi Ontario nchini Kanada. Majani na mashina hufa kila majira ya baridi, mizizi hubaki hai na kuchipua tena majira ya kuchipua. Wengi wanaoshindwa nalo wamelitunza kupita kiasi.

Kulitambua ni rahisi kuanzia Julai, linapochanua. Shina ni jembamba, lina vinyweleo vikavu vinavyokwaruza mkono, na hufika sentimita 90 hadi 150. Petali za njano hazisimami wala hazitandazi. Zinaning'inia kuelekea chini. Kitovu kimeinuka kama yai dogo, kijivu cha kijani mwanzoni, kisha hugeuka kahawia kuanzia chini kwenda juu kadiri vijiua vyake vinavyofunguka. Kifikiche: kinatoa harufu tamu inayokaribia shamari. Majani ya chini yamegawanyika katika vijani vyembamba 3 hadi 7 vyenye kingo za meno.

Majani hayo yaliyogawanyika ndiyo yanayomaliza ubishi kati yake na maua yanayofanana nalo. Rudbeckia hirta ina petali za njano pia, ila majani yake ni mazima na kitovu chake ni cheusi na kifupi. Echinacea purpurea ina petali za waridi, na kitovu chake kina miiba. Anayesumbua hasa ni ndugu yake wa nyanda kavu za magharibi, Ratibida columnifera: ni mfupi zaidi, na kitovu chake ni kirefu kama nguzo, mara nyingi kinazidi urefu wa petali. Ratibida pinnata ni kinyume, petali ndizo ndefu.

Usiung'oe mmea huu porini. Huko Illinois na Iowa, nyanda za asili zilizosalia hazifiki hata asilimia 1 ya zilizokuwepo. Nunua mbegu, ni ndogo, gramu 1 ina takriban 1,000, kwa hiyo nusu gramu inatosha bustani ya nyumbani.

Mbegu inahitaji kuonja baridi yenye unyevu kabla ya kuota. Njia nyepesi ni kuzitawanya nje mwezi Novemba au Desemba juu ya udongo uliosafishwa magugu, kuzikandamiza kwa mguu, na kuiachia baridi kazi. Usizifukie zaidi ya milimita 3. Ukipanda majira ya kuchipua, changanya mbegu na mchanga mbichi mara 3 ya ujazo wake, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka ndani ya friji (si kwenye friza) siku 30. Mchanga ukiubana usitoe maji; ukitoa, mbegu zitaoza. Kisha sia kwenye trei mahali penye joto la nyuzi 20 hivi. Miche ikianguka ghafla shingoni, hiyo ni kinyausi: umemwagilia mno na hewa haipiti.

Hamishia miche kwenye jua kamili, sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Udongo wa mfinyanzi unafaa, wa kichanga unafaa, hata wenye chokaa. Samadi na mbolea usitie. Hapa ndipo mambo huharibika: udongo wenye rutuba nyingi na maji ya kila siku hurefusha shina bila kulikaza, na Julai mmea wote unalala chini. Porini hushikiliwa na nyasi zinazoubana pande zote, kwa hiyo upande pamoja na nyasi fupi kama Schizachyrium scoparium badala ya kuufunga kwenye vijiti. Ukitaka mmea mfupi, kata theluthi moja ya juu mwanzoni mwa Juni. Utachelewa kidogo kuchanua.

Mwaka wa kwanza utaona majani tu yaliyotandaa chini, maana nguvu yote inaenda kwenye mizizi. Maua ni mwaka wa pili au wa tatu. Mwaka huo wa kwanza, mwagilia kukiwa na ukame tu, na yakate magugu yakifika sentimita 25, ukiacha 15. Kuyang'oa hung'oa na miche. Sungura hupenda machipukizi mapya, basi zungushia wavu. Unga mweupe kwenye majani mwishoni mwa kiangazi ni ubwiriunga. Hauui, punguza msongamano.

Ukitaka mbegu zako, usikate vichwa vilivyonyauka. Mwezi Oktoba, kitovu kikiwa kikavu na kinavunjika kwa vidole, kichume kabla chiriku hawajakimaliza, kianike wiki moja ndani ya mfuko wa karatasi, kisha sugua na upepete.