Kumlea mtu kazini bila kumfanyia kazi yake

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, upande wa Kurasini. Vijana wa fildi na waajiriwa wapya wakija, huletwa mezani kwangu. Mwongozo huu ni kwa msimamizi yeyote aliyeambiwa "huyu kijana kaa naye" bila kuelezwa akae naye vipi.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnatafuta nini

Usimuulize "malengo yako ni yapi?" Atakujibu kama yuko kwenye usaili. Muulize ni kazi ipi ya hapa angependa, baada ya miezi mitatu, aifanye peke yake bila kumwita mtu. Chagueni moja, zikizidi sana mbili. Pangeni na siku. Mimi huchagua Jumanne asubuhi, kwa sababu Jumatatu simu za wateja hazikatiki, na Ijumaa watu wakitoka swala akili inakuwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Mwambie pia kwamba mtakayoongea hayatafika kwa meneja. Ahadi hiyo ukiivunja hata mara moja, tafuta kijana mwingine.

Hatua ya 2: Pima kama hajui au hajiamini

Mtu ambaye hajawahi kuiona TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, mweleze. Kaa naye, mwonyeshe kisanduku kwa kisanduku. Kumuuliza maswali ya kumfikirisha ni kumtesa bure. Lakini anayejua na bado anakuja kuuliza, jibu lako linamdumaza. Sisi wazoefu hupenda kujibu yote kwa sababu ni haraka, na tuseme ukweli, kunatupa ukubwa.

Hatua ya 3: Uliza, kisha nyamaza

Waliosomea fani ya kumlea mtu kwa maswali wana mpangilio uitwao GROW, uliotokea Uingereza miaka ya 1980: unaanza na lengo, unafuata hali ilivyo, kisha njia zilizopo, mwisho atafanya nini. Huhitaji kuukariri. Tazama mazungumzo haya, ni ya kawaida kabisa mezani kwangu. Msimbo ni namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa; 8413 ni ya pampu, 8501 ni ya mota za umeme:

"Dada, hizi pampu za maji niweke msimbo gani?"

"Wewe umefikiria upi?"

"8413. Ila mota zinanichanganya."

"Zinakuchanganya wapi?"

Hapo atanyamaza. Ulimi utakuwasha. Shika kikombe chako cha chai, unywe taratibu.

"Nyingi zimeshafungwa kwenye pampu. Ila kuna kumi ziko kwenye makasha yake, zimeandikwa akiba."

"Hizo unazionaje?"

"Hizo zimekuja kama mota. Ziende 8501."

"Utahakikishaje kabla hujatuma?"

"Nitamwomba mteja katalogi, nilinganishe na pakingi listi, ile orodha ya vilivyomo kwenye mzigo."

Jibu nilikuwa nalo tangu swali la kwanza, na ningelitoa kwa pumzi moja. Ila kontena linalofuata angerudi na swali lilelile. Angalia pia kwamba hakuna "kwa nini" hata moja. Kwetu "kwa nini umefanya hivi?" ikitoka kwa mkubwa husikika kama kesi, na mtu huanza kujitetea badala ya kufikiri.

Hatua ya 4: Usiridhike na "nimeelewa"

Kijana kumwambia mkubwa wake "sijaelewa" huona ni kama kumwambia hajui kufundisha. Kwa hiyo atasema ameelewa, na atatabasamu. Mpe kompyuta, wewe kaa pembeni, kisha mwambie: "Sasa nielekeze mimi kama ndiyo nimeajiriwa leo." Atakapokwama ndipo pa kurudia.

Hatua ya 5: Kosoa faraghani, na kwa jambo lenyewe

Kamwe isiwe kwenye grupu la WhatsApp. Taja ulichokiona, taja kilichosababishwa, halafu uliza: "Uzito kwenye tamko haukulingana na pakingi listi, mzigo ukasimama, mteja akalipa storeji. Uzito huo ulipita vipi?" Usimwite mzembe. Na ile desturi ya kutanguliza sifa siipendi. Mtu akisikia "unafanya vizuri" anasubiri tu "ila".

Hatua ya 6: Akikuzidi umri

Shikamoo kwanza, na iwe ya kweli. Usimwambie unamlea. Mwombe ushauri: "Mzee, hii ingekuwa juu yako ungeanzia wapi?" Ni swali lilelile la hatua ya 3, ila limevaa heshima. Halafu umpe nafasi naye akufundishe kitu. Wazee wa bandarini wanajua mambo ambayo hayamo kwenye mfumo wowote.

Hatua ya 7: Mwachie

Akianza kukuletea suluhisho badala ya swali, acha kukagua kila hati. Kagua chache bila kumtaarifu zipi. Vikao vishuke hadi mara moja kwa mwezi. Kijana mwingine wa fildi akija, mkabidhi yeye amwelekeze, nawe ukae mbali kidogo, usikie anavyouliza.