Balkoni imedondoka: anza na nondo, sementi baadaye

Juzi nimemsaidia kijana mmoja kuchunguza balkoni iliyodondoka, nikaona niandike maana wengi wanakimbilia kulaumu sementi.

1. Kilichobaki kwanza kiwekewe mirunda. Bila hivyo usipande.

2. Piga picha kifusi kikiwa hakijaguswa, tepu ionekane kwenye picha.

3. Pima nondo za juu zimekaa wapi. Hapa usiwe na haraka. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo juu ndiko inakovutwa na nondo lazima ziwe juu, sasa siku ya kumwaga zege watu wanazikanyaga, toroli linapita, zinazama. Mimi mara ya kwanza nilihangaika siku mbili na nyundo ya Schmidt, ile ya kugonga zege ikupe namba ya ugumu wake, nikakata na sampuli za zege, majibu yanarudi mazuri tu, kumbe slabu ya sentimita 15 nondo zilitakiwa zikae sentimita 3 kutoka juu, nikazikuta kwenye 9! Yaani kutoka chini ya slabu hadi kwenye nondo palitakiwa 12 pakabaki 6, nguvu imeondoka karibu nusu.

Pima upande uliobaki kwenye jengo, pale pale ilipokatikia. Kipande kilichoanguka kitakudanganya, nondo zake zimeshapinda. Na kama nondo imechomoka, tafuta mfereji wake ndani ya zege, alama za mbavu zake utaziona zimejichora. Pima zote, sio moja. Tepu ya chuma inatosha, skana ya kutafuta nondo ndani ya zege mimi siipendi, nondo zikibanana inasoma ovyo.

4. Nyundo ukiitumia, toa plasta kwanza. Zege la zamani uso wake huwa mgumu kuliko ndani, kwa hiyo namba inapanda bure.

5. Linganisha na mchoro, uliza nani alibadilisha nini saiti. Kansas City, Marekani, 1981, vyuma vilivyoning'iniza madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt vilibadilishwa, badala ya kimoja kirefu vikawekwa viwili, nati za daraja la juu zikabeba mzigo mara mbili. Wakafa watu 114.

6. Kwenye ripoti weka vipimo vyote, na mchoro mpya utaje viti vya kushikilia nondo za juu, vingapi na kimo gani, msimamizi apime kabla zege halijamwagwa.

Halafu nenda kwenye balkoni zilizobaki. Sisi tulizikuta tatu, tukachimbua kidogo juu, mbili nondo zimezama vilevile, jioni hiyohiyo zikawekewa mirunda.